Kikinga Kilichosogea

Nisikilizeni, majirani zangu wa Tegeta, na nyie wa Kunduchi na Mwananyamala mnaokuja huku kutengenezesha milango na kushonesha mapazia. Yaliyowakuta Benedikto na mkewe Noela hayakutokea nchi ya mbali. Yalitokea hapahapa, nyumba ya pili kutoka kwenye mashine ya kusaga. Wengi wenu mliuona mwisho wake, lakini hamkujua yalianzaje.

Benedikto alikuwa seremala, mtu wa Newala. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, kibanda cha mabati kilichojaa mbao na harufu ya vanishi. Noela alikuwa fundi cherehani na alishonea barazani. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, nywele zake za rangi ya majani makavu, kwa kuwa alizaliwa na ualbino. Macho yake hayakuona mbali. Lakini mpe kitambaa karibu na uso wake, akuoneshe kazi! Akina mama wa kwaya walimletea sare zao, na maharusi walitoka hadi Kibaha kumfuata.

Benedikto alipomuoa, ndugu zake walinung'unika. Hakuwajali. Watu walipomkodolea macho Noela sokoni, Benedikto ndiye aliyewajibu. Kijana mmoja alipomtania kwa jina baya stendi, Benedikto alimkunja shati mpaka akaomba radhi mbele za watu. Noela hakuwa mtu wa maneno mengi, na kazi ya kusema akamwachia mumewe. Ulikuwa upendo, wala sitaki kumdhulumu mtu. Ila tabia ile ilikua kadiri miaka ilivyokwenda. Mwalimu akiuliza habari za mtoto, anajibu Benedikto. Mteja akiuliza gauni litakuwa tayari lini, Benedikto anajibu kutoka karakanani, na randa mkononi. Noela akifungua kinywa, anakuta jibu limeshatolewa.

Jumamosi moja asubuhi walikuwa barazani wanakunywa chai. Binti yao, Asifiwe, alikuwa ameenda shule ya bweni, na nyumba ilikuwa kimya. Noela alikuwa akikata mikono ya gauni la bibi harusi huku akiimba kwa sauti ya chini. Benedikto alimtazama akaona raha moyoni. Kisha Noela akajifuta jasho kwa khanga, na khanga ikatoka na damu.

"Umejikata?" Benedikto akauliza.

"Hapana. Ni hiki kidonda."

Kilikuwa kati ya pua na kona ya jicho la kulia, kidogo kama punje ya mtama, kingo zake zimeinuka, zinang'aa. Noela alikuwa akikipaka poda.

"Tangu lini?"

"Tangu kipindi cha Pasaka. Kinakauka, kinarudi."

"Ni chunusi hiyo. Nitakuletea dawa ya kupaka."

Akaleta. Dawa ya kwanza ikaisha, akaleta ya pili. Majirani walipouliza, Benedikto aliwajibu kuwa ni chunusi. Mpaka Sesilia, dada yake Noela anayekaa Mwananyamala, alipokuja kumsalimia na kukiona, mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza na kidonda kimekuwa kama kifungo cha shati.

"Shemeji," Sesilia alisema bila kuzunguka, "mtu mwenye ngozi kama ya dada yangu hapakwi dawa ya chunusi. Anapelekwa hospitali."

Wakaenda. Noela akapimwa, kipande cha kidonda kikakatwa, wakaambiwa warudi. Waliporudi waliingia chumba cha Daktari Ummehani, mama wa makamo aliyejifunga mtandio, mwenye sauti ya upole.

"Mama Noela, unajisikiaje? Kinauma?"

"Hakimuumi sana," Benedikto akasema. "Ila usiku anajikuna."

"Asante, baba. Namuuliza yeye."

Benedikto alicheka kidogo. Lakini hata swali lililofuata alilijibu yeye.

Daktari hakuficha. Kidonda kilikuwa saratani ya ngozi. Haikuwa imeenea, na ilitibika. Mahali ilipokuwa, kuikata kungeondoa sehemu ya kope, kwa hiyo alipendelea mionzi, ile inayofanya kazi juu juu ya ngozi bila kuingia ndani sana.

"Sasa nisikilizeni kwa makini," alisema. "Mionzi haina macho. Haijui hii ni saratani na hili ni jicho. Inachoma inapoelekezwa. Kazi yetu ni kuizuia isifike pasipotakiwa. Uso utafunikwa kwa bamba la madini ya risasi lenye tundu la kidonda tu. Halafu ndani ya jicho tutaweka hiki."

Akatoa kwenye kiboksi kitu kidogo kilichopinda, laini, kama nusu ya ganda la karanga.

"Kikinga. Tunatia matone ya ganzi, tunakipitisha chini ya kope, kinafunika mboni yote. Kila siku ya matibabu, bila kuacha hata moja. Na ukiwa umelala pale, Mama Noela, ukihisi chochote kimesogea, inua mkono. Mtaalamu anakuona kwenye kioo. Atazima mashine palepale, atarekebisha, ataendelea. Hakuna atakayekukasirikia."

Noela alikigusa kile kikinga kwa ncha ya kidole. "Bila hiki?" akauliza. Hilo ndilo swali pekee alilowahi kuuliza kabla mumewe hajasema.

"Bila hiki jicho linaungua. Kioo chake cha mbele kinapata kidonda, lenzi inaingia ukungu. Na wewe, kwa hali ya macho yako, huna jicho la kupoteza."

Tatizo lilikuwa kusubiri. Vikinga vya saizi ya jicho la Noela vilikuwa vimeagizwa, na foleni ilikuwa ndefu. Daktari aliwahakikishia kuwa majuma yale machache hayangeharibu kitu.

Hapo ndipo Benedikto alipoanza kukosa usingizi. Kila asubuhi alimshika mkewe kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akaona kidonda kimekua hata kama hakijakua. Neno saratani lilimkaa kichwani. Mama yake mzazi alikufa kwa saratani, tena wakiwa wanasubiri.

Mteja mmoja aliyekuja kuchukua fremu za madirisha akamwambia kuna kliniki binafsi upande wa Temeke, mpya, ina mashine ya mionzi, mtu anaanza siku hiyohiyo. Jina la kliniki hiyo sitalisema, maana ilishafungwa.

"Kesho tunaenda," Benedikto alimwambia mkewe.

Noela aliacha kukanyaga cherehani. "Baba Asifiwe, daktari amesema tusubiri kile kikinga."

"Huko wanavyo. Hospitali ya mionzi itakosaje kikinga?"

"Umeuliza?"

"Mama Asifiwe, mie ndiye ninayekulinda miaka yote hii. Leo umeanza kuniona sijui?"

Noela akainamia kitambaa chake. Alikanyaga cherehani tena. Nawauliza nyie mnaonisikiliza: ni nyumba ngapi ambazo mtu anauliza swali la maana, akajibiwa kwa kukumbushwa fadhila?

Kliniki ilikuwa safi, ina vigae na televisheni ukutani. Mtaalamu wa mashine aliitwa Anwar, kijana mchangamfu, mwenye haraka. Alimlaza Noela kitandani, akamwekea bamba usoni. Kisha akachukua kipande bapa cha risasi, akamfumbisha jicho, akakibandika juu ya kope kwa plasta.

"Samahani," Noela alisema, "kule walisema kuna kinachowekwa kwa ndani, chini ya kope."

Anwar alimtazama Benedikto. "Kile cha ndani hapa hatuna, braza. Lakini hiki kinatosha, mradi afumbe jicho asitikisike."

"Hakitatoka?" Noela akauliza.

"Mama Asifiwe," Benedikto akasema, "mwache mtu afanye kazi yake." Kisha akamgeukia Anwar, akatabasamu. "Mke wangu ana wasiwasi tu. Usimjali."

Siku ya kwanza ikapita salama. Siku ya pili nayo. Benedikto alikuwa akiruhusiwa kusimama na Anwar nyuma ya kioo kinene, jambo ambalo halikupaswa kuwa, na alijisikia vizuri kumwona mkewe pale, kama mlinzi anayelinda lango.

Siku ya tatu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jenereta iliendesha mashine, lakini kiyoyozi hakikufanya kazi. Chumba kilikuwa cha moto. Noela alilala huku jasho linamtiririka kwenye paji la uso, likiingia chini ya plasta. Anwar alifunga mlango, akawasha mashine. Mlio wake ukaanza.

Nyuma ya kioo, Benedikto aliuona mkono wa mkewe ukiinuka kutoka kitandani. Uliinuka polepole, vidole vimenyooka, ukabaki hewani.

"Anataka nini?" Anwar aliuliza. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia.

Nje kulikuwa na wagonjwa wengine. Barabara ya kurudi Tegeta ilikuwa na foleni. Na juu ya yote, Benedikto aliona aibu. Aliona aibu kwamba mkewe atamfanya aonekane mtu wa kusumbua, baada ya kumwambia Anwar kuwa asimjali.

"Ni woga tu," alisema. "Malizia."

Anwar akaondoa kidole. Mkono ulikaa hewani kitambo, kisha ukashuka.

Walipotoka nje, Noela alikuwa amejishika shavu. "Kile kitu kilisogea. Plasta ililegea, nikakihisi kinateleza kuelekea pua. Niliinua mkono, Ben." Alimwita Ben, jina ambalo hakulitumia mbele ya watu. "Hamkuniona?"

Benedikto alimfungulia mwavuli, akamkinga jua.

"Hatukukuona," alisema.

Siku zilizofuata joto halikupungua, na plasta ililegea tena. Noela hakuinua mkono. Alifikiri kwamba hakuna anayeona.

Kidonda kilikauka. Ngozi ilibabuka, ikawa nyekundu, ikatoka gamba, na chini yake ikaja ngozi mpya laini. Benedikto aliwaita majirani, akachinja kuku, akawaonesha uso wa mkewe. "Tazameni! Wangetuchelewesha kule!" Watu walishangilia. Sesilia naye alikula kuku, ila alimwona dada yake akikaa kivulini, kichwa ameinamisha, jicho la kulia linatoka machozi.

"Linawasha?" alimnong'oneza.

"Kama lina mchanga," Noela alisema.

"Ni vumbi la mbao zangu," Benedikto alidakia kutoka upande wa pili wa baraza. "Nitamnunulia dawa ya matone."

Matone yakanunuliwa. Jicho likazidi kuwa jekundu. Mwanga ukawa adui. Noela alifunga mapazia mchana na kushona kwa kubahatisha. Alimwomba Benedikto amtungie uzi kwenye sindano, yeye ambaye alikuwa akiutunga bila hata kutazama. Siku moja sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole chake. Benedikto alisikia mlio mmoja tu, mfupi. Alipofika barazani, damu ilikuwa imechuruzika juu ya satini nyeupe ya mtu, na Noela alikuwa anaitazama bila kulia, kama anayetazama kitu kilicho mbali sana.

Sesilia hakuomba ruhusa. Alikuja na bajaji, akamchukua dada yake, na Benedikto akafuata nyuma kwa pikipiki ya kukodi.

Daktari Ummehani alimchunguza Noela kwa muda mrefu, taa ndogo ikipita huku na huku. Alipomaliza alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama Noela, ulitibiwa wapi?"

Benedikto alifungua kinywa. Sesilia alimtazama, naye akakifunga.

"Kliniki ya Temeke," Noela alisema.

"Walikuwekea kikinga cha ndani?"

"Hapana. Walibandika kibamba juu ya kope. Kilikuwa kinateleza."

"Na hukuinua mkono?"

"Niliinua, daktari. Siku ya kwanza kilipoteleza niliinua. Hawakuniona."

Chumba kilikuwa na saa ya ukutani, na Benedikto aliisikia. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa Anwar, na Anwar hakuwepo. Alimtazama mkewe, lile jicho lenye utando mweupe limeelekezwa upande alipokuwa amesimama bila kumwona.

"Nilikuona," alisema.

Sesilia alimgeukia.

"Nilikuona, Noela. Yule kijana alitaka kuzima. Mie nikamwambia ni woga, amalizie. Nikakudanganya."

Noela hakupiga kelele. Aligeuza kichwa taratibu mpaka jicho lake la kushoto, lililobaki, likamfikia. Kisha akamgeukia daktari.

"Litapona?"

"Kidonda cha jicho tutakitibu kwa dawa ili maumivu yaishe," Daktari Ummehani alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Lakini kioo cha jicho kimeshaweka kovu, na lenzi imeanza ukungu. Kuona hakutarudi kama zamani. Nisingependa kukudanganya. Umeshadanganywa vya kutosha."

Siku hiyo Noela hakurudi Tegeta. Alikwenda na Sesilia Mwananyamala, akakaa huko muda mrefu. Benedikto alikwenda kliniki ile akiwa na hasira, akitafuta mtu wa kumkunja shati kama zamani. Mlangoni alikuta karatasi ya serikali na kufuli kubwa. Alisimama pale juani, mikono imening'inia. Akagundua kwamba hata angemkuta Anwar, hakuwa na la kumwambia ambalo lisingemrudia mwenyewe.

Yeye na Sesilia walikwenda pamoja kutoa maelezo kwa wakaguzi wa serikali walioifunga kliniki. Benedikto alisema yote, na neno lake la "malizia" pia. Kukiri huko hakukumpunguzia uzito. Jioni alirudi kwenye nyumba tupu, cherehani imefunikwa shuka, akala ugali wa jana.

Kabla ya mwaka kuisha kidoa kingine kilitokea kwa Noela, safari hii kwenye mdomo wa chini. Hawakusubiri. Alikwenda na Sesilia kwa Daktari Ummehani, na Noela akauliza kila kitu mwenyewe: fizi zangu zitakingwa na nini, meno je, ulimi, koo? Kabla ya kila mionzi wakamwekea bamba jembamba la risasi lililofunikwa nta kati ya mdomo na fizi, wakamwonesha jinsi linavyokaa, wakamsubiri mpaka aliposema sasa. Kila alipotoka, Benedikto alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Hakuna aliyemwita aje. Alikuwa anasalimia, "Habari za matibabu?" Noela anajibu, "Salama," na kila mtu anashika njia yake.

Mdomo ulipopona, Noela alirudi nyumbani. Aliweka begi barazani, hakuingia ndani kwanza.

"Nimerudi kwa sababu hii nyumba ni yangu pia," alisema. "Sikusamehe leo. Huenda nikakusamehe, sijui. Lakini usinisemee tena. Si kwa ubaya, si kwa wema."

"Sawa," Benedikto alisema.

Magauni ya maharusi yalikwisha. Noela alihamia kwenye mapazia, ambayo mishono yake ni mirefu na imenyooka. Lakini siku moja mteja, mama mmoja wa Kunduchi, aliyarudisha kwa makelele, pindo limekwenda upogo.

"Fundi gani wewe? Umelewa?"

Karakanani, Benedikto aliacha msumeno. Damu ilimpanda. Alipiga hatua mbili kuelekea barazani, kinywa kimeshafunguka, kisha akasimama palepale kwenye unga wa mbao.

"Samahani, dada," alimsikia Noela akisema bila kutetemeka. "Jicho langu la kulia halioni. Liliunguzwa na mionzi. Lete hapa nilifumue, ukae, nilishone upya ukiniona."

Yule mama alishusha sauti. Akavuta kiti, akakaa. Benedikto alirudi nyuma ya mbao zake, akainama kama anayetafuta msumari, akalia huko mpaka sauti ya cherehani ilipoanza.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kidonda cha usoni kisichopona si cha kupakwa poda wala kupewa jina la chunusi. Mpelekeni mtu hospitali mapema, hasa mwenye ualbino, ambaye jua humdhuru kuliko wengine.

Mionzi ni dawa, msiiogope. Iliuondoa ugonjwa wa Noela mara mbili. Lakini usoni kuna jicho, kuna ndani ya pua, kuna fizi na meno, na dawa hiyo haichagui. Kabla mashine haijawashwa, ulizeni: nini kinakinga jicho hili? Kimekaa sawasawa? Kikisogea, nani ataniona? Mahali ambapo maswali hayo yanachukiwa, ondokeni, hata kama foleni ya kule kwingine ni ndefu. Na nyie mnaoshika vitufe: mgonjwa akiinua mkono, zimeni. Mkimuuliza mtu mwingine mgonjwa anataka nini, mmekosea tayari.

La mwisho nawaambia waume, wake, watoto na ndugu tunaowapeleka wapendwa wetu hospitali. Anayejua kikinga kimesogea ni yule aliyelala chini yake. Wewe uliyesimama nyuma ya kioo, hata umpende vipi, huwezi kulijua hilo kwa niaba yake. Mwache aseme. Na akisema, muamini.